Komeo Lisilotiwa Mafuta

Krraaa! Hiyo ndiyo sauti. Komeo la chuma likiburutwa kwenye mlango wa mabati, kavu kabisa, halijawahi kuonja mafuta, mpaka meno yanakufa ganzi. Niliisikia asubuhi yangu ya kwanza kazini, nikiwa nimesimama nje na mfuko wangu wa nailoni, na kabla mlango haujafunguka nikasikia watoto ndani wamenyamaza wote kwa pamoja. Halafu sauti ya mwanamke: "Ni nani? Sema jina, na useme umeleta nani."

"Naitwa Nduku," nikasema. "Sijaleta mtu. Nimejileta."

Mlango ukafunguka kidogo. Ndipo nikamwona Mama Kalekye: mfupi, mpana, leso mbili kiunoni, mtoto mmoja mgongoni na mwingine akining'inia kwenye sketi yake. Akanitazama juu mpaka chini, akacheka. "Umejileta? Basi siku ya kwenda utajichukua. Nawa mikono uingie."

Nilidhani ni mzaha tu. Baadaye ndiyo nilielewa kwamba alikuwa ameshaanza kunifundisha kazi.

Akoth na Sharon, ninyi mnaobaki na beibi kea yetu hapo Makina, Kibera, nawaandikia haya kwa sababu mliniomba, na kwa sababu nikiongea nacheka sana mnapoteza maana. Mama Otis, yule wa kuuza mboga za sukuma mkabala na mlango wetu, aliposikia ninastaafu aliniambia, "Unastaafu na hata mvi moja hauna? Wewe unahama, dada. Usitubebe ujinga." Lakini kazi niliifanya tangu usichana wangu, na sasa nimeiacha. Kama hiyo si kustaafu, basi sijui ni nini. Mambo ya mshahara sitayaandika. Ninyi pia mnalipwa hapo, mnayajua.

Nianze na chumba. Mnakiona kila siku lakini mmekikuta kimepakwa rangi. Wakati huo kilikuwa mabati matupu nyuma ya kanisa, sakafu ya simiti yenye mashimo. Jumapili kilikuwa cha watoto wa Sunday school, siku nyingine Pasta alimruhusu Mama akitumie kulelea watoto wa akina mama wanaokwenda kazini. Hakukuwa na maandishi. Kulikuwa na neno la Pasta tu. Siku ambayo angeamka na kusema tokeni, tungebeba mikeka yetu na poti zetu tukatoka, na wale akina mama wote wanaofua nguo na kuosha nyumba pande za Highrise wangerudi kuwafungia watoto ndani na kuomba Mungu. Mlishike hilo, maana ndilo lililonielemea siku nitakayowaelezea.

Kazi yenyewe Mama alinifundisha kwa mikono kuliko kwa mdomo. Chupa za uji tulizitofautisha kwa rangi ya kucha: nyekundu ya fulani, buluu ya fulani, na mmoja wa mapacha wetu wawili, yule mtundu, dhahabu, kwa sababu Mama alisema mtu akisumbua sana mpe heshima, atatulia. Hakutulia. Kikohozi alinifundisha kukisikiliza nikiwa nimefumba macho. Na alinifundisha kumbeba mtoto anayelia nikiwa nimemgeuzia mlango mgongo, asiuone mlango na kumkumbuka mamake.

Jambo ambalo lilinichukua muda ni kusema "mama yako amesema." Siku zile nilikuwa na maoni mengi. Mama analeta mtoto amevaa sweta tatu na jua linawaka, mimi namvua. Mama Kalekye akaniita kando. "Huyu mtoto ana mkubwa wake, na si wewe. Kama sweta ni nyingi, ngoja mama arudi, mwambie yeye, polepole, mtoto asisikie. Ukimvua hapa na kucheka, umemfundisha mtoto kwamba neno la mamake linavuliwa."

"Na akitoka jasho je?"

"Mfungue vifungo. Vifungo hakusema."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mama wa kanisa kweli, ametoka Kitui na Biblia iliyofungwa kwa kitambaa cha mto, lakini utii wake ulikuwa na akili ndani. Afisa wa afya alipokuja akasema kila poti iwe na kifuniko, Mama alinung'unika mchana mzima kwa Kikamba, na kesho yake vifuniko vilikuwepo. Nikamuuliza, "Mama, si ulisema huyo afisa ni mtoto mdogo hajui kitu?" Akasema, "Nimesema ni mdogo. Sijasema si mkubwa wangu."

Sasa lile komeo. Wiki yangu ya kwanza nilikuja na mafuta kidogo kwenye kifuniko cha soda, nikitaka kumfurahisha. Akanishika mkono kabla sijalifikia. "Hilo wacha lilie." Nikauliza kwa nini, naye akasema nitajua. Sikupenda jibu hilo, na ninyi mkiuliza kitu mwambiane sababu, msifichane. Lakini nilitii, na siku si nyingi nikiwa nimeinama naosha vikombe nikasikia krraaa, nikageuka, kumbe pacha wa dhahabu amepanda ndoo, ana mikono yote miwili kwenye komeo na tayari ameona Kibera yote inamngoja. Tangu hapo nikipita na mafuta karibu na mlango huo nayaficha.

Jioni, watoto wote wakishachukuliwa, kulikuwa na lile jambo mnalolicheka. Kuinama na kuangalia chini ya kila benchi, kuinua pazia, kufungua hata lile sanduku la midoli ambalo haliingii mtoto, kisha kusema kwa sauti, "Hakuna mtoto aliyebaki." Kwa sauti! Chumba ni kitupu, unamwambia nani? Nilimuuliza Mama. Akasema, "Ukisema kimoyomoyo utadanganya. Mdomo ukisema, macho yanaona aibu, yanaenda kuangalia." Jioni ambayo alikuwa ametangulia kutoka, nikabaki peke yangu, nilisema pia. Niliona aibu kama mtu anayeimba akidhani hakuna anayemsikia. Lakini nilisema.

Na sasa mkono. Hii mnaijua vizuri, hata watoto wanaijua: mkono ulioleta mtoto asubuhi ndio utakaomchukua jioni. Kama atachukuliwa na mwingine, aliyeleta aseme asubuhi, kwa mdomo wake, mlangoni. Si simu ya mchana, si "nimetumwa." Mama aliniambia sheria hiyo haina jamaa. Nikasema ndiyo, Mama, nikidhani wenye kuja kuchukua watoto vibaya huwa na sura mbaya.

Siku yenyewe Mama alikuwa ameenda Kitui kumzika shemeji yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuniachia chumba peke yangu. Kwenye mlango aliniambia neno moja tu, "Unajua," akaenda.

Mmoja wa watoto wetu alikuwa Imani, mjukuu wa Pasta. Mamake ni Mercy, binti wa Pasta, aliyekuwa akisuka kwenye saluni upande wa Highrise. Asubuhi hiyo Mercy alimleta mbio mbio kama kawaida, akanipa mtoto na chupa, "Sasa Nduku, nimechelewa, bye," akaruka mtaro akaenda. Hakusema lingine.

Mchana, watoto wengi wamelala, mlango ukagongwa. Nikauliza ni nani. "Ni mimi, Pasta."

Nikavuta komeo nikafungua kidogo. Pasta alikuwa na suti yake ya harusi za watu, ile ya kijivu, na nyuma yake Mzee Mutiso, mzee wa kanisa, amebeba mwavuli wa Pasta ingawa hakukuwa na mvua.

"Nduku, bwana asifiwe. Nipe Imani. Wageni kutoka Machakos wako nyumbani, wanataka kumwona na kumwombea kabla waende."

Mimi nilikuwa kwenye kwaya ya huyu mtu. Yeye ndiye alinibatiza. Chumba nilichosimama ndani yake kilikuwa chake. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Pasta, Mercy hakuniambia asubuhi."

"Amenipigia mimi."

"Ngoja nimpigie na mimi." Nikampigia. Simu imezimwa. Stima ilikuwa imepotea mtaa wote tangu asubuhi, nani angekuwa na chaji? Nikajaribu tena huku namwomba Mungu afanye muujiza mdogo wa betri. Hakufanya.

"Nduku," Pasta akasema, na sauti yake ikashuka, "mimi ni babu yake."

Na Imani, ambaye nilidhani amelala, akatokea chini ya mkono wangu akaona viatu vya babu yake kwenye ule ufa wa mlango. "Babu! Babu!" Akaanza kulia kwa kunyoosha mikono. Nawaambia ukweli, ningekuwa jiwe ningepasuka.

Mama Otis akainuka kwenye sukuma zake. "Eh! Nduku, unamfungia Pasta? Mbinguni utaingilia mlango gani?" Watu wakaanza kusimama. Fundi wa viatu akaweka nyundo chini. Mtu akasema, "Aki hawa wasichana wa siku hizi," na mwingine akajibu, "Wacha, huyo anafanya kazi."

Mzee Mutiso akasogea. "Msichana, unajua hiki chumba ni cha nani?"

"Ni cha kanisa, mzee wangu."

"Na kanisa ni la nani?"

Nilijua anachosema. Nikawaona wale akina mama wote asubuhi, wamesimama na watoto mgongoni mbele ya mlango uliofungwa, kwa sababu yangu. Nikafikiria, mpe mtoto, Nduku, ni babu yake, kila mtu anamjua, wewe ni nani. Halafu nikafikiria jingine: leo nikimpa kwa sababu ninamjua, kesho nitampa mwingine kwa sababu ninadhani namjua.

Nikasema, "Pasta, nakuheshimu na unajua. Lakini Mama hayuko. Wewe mwenyewe kwa darasa la vijana ulitufundisha kwamba mtu hutii kweli mkubwa wake akiwa hayuko. Akiwepo, hata mbuzi anatii. Mama aliniambia mkono ulioleta. Siwezi kubadilisha neno lake akiwa mazishini."

Mshipa wa shingo ya Pasta ulikuwa unaruka juu ya kola.

"Lakini sitakusimamisha nje," nikaendelea, haraka kabla ujasiri haujaisha. "Karibu ndani ukae na Imani wako. Mzee Mutiso aende saluni amwite Mercy, si mbali, miguu yake bado iko na nguvu. Mercy akifika, hata kama ni saa hii, utaenda naye."

Nikafungua mlango wote. Watu wote wakasogea kuchungulia, hata Mama Otis. Pasta akasimama akiangalia kile chumba. Halafu akainama, maana mlango wetu ni mfupi kwa mtu wa urefu wake, akaingia. Nami nikavuta komeo nyuma yake. Krraaa.

Sikuwa na kiti. Nilikuwa na vile viti vidogo vya plastiki vya watoto. Nikakipangusa kimoja kwa leso yangu, nikakiweka kwa mikono miwili kama ninavyompa mkubwa kitu, naye akakaa. Magoti yakamfika kifuani. Imani akapanda juu yake akanyamaza palepale. Pacha wa dhahabu akaamka, akaja, akasimama mbele ya Pasta akamkagua.

"Wewe ni mtoto mpya?"

Pasta akakohoa. "Hapana."

"Umeletwa na nani?"

Pasta akaniangalia. Mimi nikaangalia uji. Nikamkorogea kikombe kimoja, nikampa, akapokea, na pacha akaegemea goti lake na chupa ambayo haikufungwa vizuri, uji ukashuka kwenye ile suti ya kijivu. Nikapangusa. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza.

Siku hiyo nilijua kitu ambacho sikuwahi kukipanga kichwani. Wakubwa wangu walikuwa wawili, na sikuweza kuwaheshimu wote kwa njia moja. Mama nilimheshimu kwa kushika neno lake. Pasta nilimheshimu kwa kile kiti, kile kikombe, na kwa kutompandishia sauti hata pale Mzee Mutiso aliponiuliza swali la kanisa ni la nani. Watu wengi wanadhani kumkatalia mkubwa ni kumvunjia heshima. Inategemea umemkatalia ukiwa umesimama vipi.

Mercy alifika anakimbia, na kitana bado kiko kwenye nywele zake mwenyewe. "Aki Nduku! Ni mimi! Nilimpigia baba jana usiku nikamwambia amchukue, nikasahau kukuambia. Nisamehe. Baba, nisamehe."

Kwa hiyo Pasta alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Mercy akamchukua Imani kutoka kwenye magoti ya babu yake, kwa mkono ulioleta, kisha akamrudisha mikononi mwa babu, wakatoka wote watatu. Pasta alinipita mlangoni bila kunitazama. Mzee Mutiso akafungua mwavuli. Bado hakukuwa na mvua.

Mama Otis akaniambia, "Sasa tafuta chumba kingine, mtoto wa wenyewe."

Siku zilizofuata sikula vizuri. Kila komeo lilipolia nilidhani ni mtu wa kanisa amekuja kusema tubebe vitu. Kwaya nilienda, nikasimama nyuma. Pasta alihubiri kuhusu mambo mengine kabisa na hilo likanitisha zaidi.

Mama aliporudi kutoka Kitui nilimweleza kabla hajaweka mzigo chini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimfungulia?"

"Nilimfungulia aingie, Mama. Sikumfungulia atoke naye."

"Ulimpa kiti?"

"Kile kidogo. Cha buluu."

Mama akashika ukuta. Nilidhani anaanguka, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso, halafu akasema, "Jitayarishe twende kwake. Mkubwa akiumia hadharani, unaenda kumsalimia nyumbani."

Tulienda. Pasta alitupokea kwenye ukumbi wa nyumba yake, chai ikaletwa. Nikasema nilichofundishwa njiani na nilichoongeza mwenyewe: "Pasta, nimekuja kuomba radhi kwa sababu ulisimama nje mbele ya watu. Hiyo iliniuma. Kwa kutokupa mtoto, sitaomba radhi, kwa sababu nitakuwa nadanganya." Mama alinikanyaga mguu, lakini polepole, si kwa nguvu.

Pasta akanywa chai yake. "Nimesikia," akasema. Basi. Tukamaliza chai tukarudi nyumbani bila kujua kama tuna chumba au hatuna.

Jumatatu asubuhi na mapema, hata Mama Otis hajamwagilia sukuma zake, mlango ukagongwa. Mama akanionyesha kwa kidevu: nenda wewe. Nikauliza, "Ni nani? Sema jina, na useme umeleta nani."

Halafu ile sauti ya madhabahuni, kubwa, mpaka fundi wa viatu akatoka nje: "Ni Pasta. Nimemleta Imani. Nimemleta mimi, kwa mkono huu, na jioni nitamchukua mimi kwa mkono huu. Nduku, umesikia?"

Nikavuta komeo. Alikuwa amesimama peke yake bila Mzee Mutiso na bila suti, na sweta tu, mkono wake juu hewani kama mtu anayeapa. Nikasema, "Nimesikia, Pasta." Akanipa mtoto. Kisha akaangalia ndani, juu ya bega langu, akauliza, "Hivyo viti hamna vikubwa?"

Kile kiti cha mti kilicho karibu na mlango, mnachokalia mkiwanywesha watoto chupa, ndicho alichokituma jioni hiyo. Hakijawahi kutoka hapo, na hata sisi hatujawahi kuambiwa tutoke. Mkiulizwa ni cha nani, semeni ni cha wanaongoja.

Miaka imepita, Imani sasa anaenda shule na sweta ya kijani. Mimi nina ndoto zangu, mnazijua, nimewachosha nazo: kushona nguo za watoto wadogo, zenye vifungo ambavyo mtu anaweza kufungua bila kumvua mtoto. Nilipomwambia Mama nataka kwenda, aliniambia ningoje mpaka Akoth ajue kusikiliza kikohozi. Nilitaka kwenda siku hiyo hiyo. Nikangoja. Akoth, sasa unajua, na kusema ukweli unasikia kuliko mimi.

Jioni ya mwisho Mama, ambaye sasa anakuja na fimbo na anakaa kwenye kiti cha Pasta kutwa nzima, aliniita mlangoni. "Nani anakuchukua?"

"Mimi mwenyewe, Mama. Si nilijileta?"

Akavuta komeo yeye, kwa mkono wake, likalia sana. Nikatoka nikaenda zangu.

Sasa niko Kawangware, chumba kidogo hatua chache kutoka stage ya matatu ya 56, kati ya saluni na duka la misumari. Nina cherehani, meza ya kukatia, na kipande cha kitambaa cha maua nilichopewa na Mercy. Jioni ya kwanza nilimaliza kushona gauni moja dogo, nikafunika cherehani, nikachukua kufuli. Halafu nikasimama. Nikarudi ndani, nikapiga magoti kwenye simiti, nikaangalia chini ya meza. Nikainua pazia. Hakuna aliyeniona, hata Mama yuko Makina. Nikasema kwa sauti, "Hakuna mtoto aliyebaki," kisha nikafunga mlango.